Fukusi wa viazi, Bukavu: shajara ya ndoo tatu

8 Julai

Ndoo ya kwanza imefika leo kwa moto, yaani pikipiki, kutoka Kavumu, kaskazini mwa Bukavu, imefunikwa kitambaa na kufungwa kamba. Mwenye moto aliinusa, akakunja uso, akaongeza bei papo hapo: "Kama ni samaki ya kuoza, Mwalimu, utalipa ya batu babili." Si samaki. Ni viazi vitamu, kilo kumi hivi, ambavyo mama mwenye shamba aliwamwagia nguruwe, nao nguruwe wakavinusa na kugeuka.

Mradi umezaliwa hapo, kwenye pua ya nguruwe. Kiazi kikitobolewa na fukusi kinajitetea kwa kutengeneza sumu chungu. Uchungu huo haukai kwenye shimo tu, unasambaa kwenye nyama ya kiazi, na sufuria haiuondoi. Akina mama wa huku wanalijua hilo kuliko mimi. Ninachotaka kujua ni kitu kidogo zaidi: huyo anayetoboa ni nani? Ni wa aina moja au ni wengi waliopewa jina moja?

Nafundisha biolojia sekondari, Kadutu, hapa Bukavu, mashariki mwa Kongo. Shuleni tuna sanduku moja la wadudu, na kwenye kona yake wamo mbawakawa wanane wenye karatasi moja kwa wote: "wadudu wa shamba". Shamba gani, lini, juu ya mmea gani, hakuna. Kila mwaka wanafunzi wananiuliza, kila mwaka nageuza maneno. Kiangazi hiki nataka kona hiyo iwe na majina.

Vifaa: kioo cha kukuzia mara 10, kikoleo cha nyusi cha mdogo wangu wa kike (hajajua bado), chupa za dawa zilizooshwa, alkoholi ya asilimia 70, penseli. Wino wa biki ukiingia kwenye alkoholi unayeyuka wote, ndiyo maana penseli. Mdudu asiye na karatasi ya mahali na tarehe ni takataka yenye miguu sita.

9 Julai

Nimepasua viazi 14. Ndani ni vijia vilivyopindapinda, vimejaa unga mweusi wa mavi. Kuna funza weupe wasio na miguu, wamejikunja, na wengine wameshakuwa pupa, ile hatua ya kati ya funza na mdudu kamili. Waliokomaa nao wamo humo humo, kama wapangaji waliopewa notisi wakaendelea kupika. Ukiwagusa wanakunja miguu na kujifanya wamekufa. Niliacha "maiti" watano kwenye sahani nikaenda kuchukua chupa. Niliporudi walikuwa wawili.

Nilikuwa nimemwomba mama anitilie na mashina. Vizuri nilivyofanya, kwa sababu juu ya mashina wamo wengine. Kwa hiyo ndoo moja imenipa wanyama watatu ambao shambani wote wanaitwa fukusi:

Wa kwanza ni mwembamba, anang'aa kama amepakwa mafuta, na kiuno kimebanwa hata kwa mbali ungemdhania sisimizi. Huyu ndiye aliyejaa ndani ya viazi.

Wa pili ni mnene, karibu mara mbili ya wa kwanza kwa urefu, ana milia mieupe mgongoni. Alikuwa chini kabisa ya shina, pale lilipovimba.

Wa tatu ana rangi ya udongo na mgongo wenye mabonde na vilima. Nilimwosha mara mbili nikidhani ni tope. Ni yeye mwenyewe.

12 Julai

Siku tatu nimekaa na vipapasio. Nasema tatu kwa sababu umeme ulikuwa unakuja saa tano usiku, na kioo cha mara 10 bila taa ni pambo.

Jambo lenyewe ni rahisi ukishaliona. Mdudu wa pili na wa tatu wana kipapasio chenye kiwiko: pingili ya kwanza ni ndefu, kisha kuna kona, kisha pingili fupifupi, na mwisho kirungu. Hiyo kona ni alama ya Curculionidae, ukoo wa fukusi wenye makumi ya maelfu ya spishi, pamoja na wale wa mahindi ghalani. Kwa hiyo mwenye milia anakwenda huko. Ni Alcidodes, na yule wa rangi ya udongo ni Blosyrus. Sitawafuata zaidi. Mradi huu una mwalimu mmoja na kikoleo kimoja cha kuiba.

Mwembamba hana kiwiko. Kipapasio chake kimenyooka, pingili zimepangwa kama shanga kwenye uzi, na ya mwisho ni kubwa peke yake. Hapo anatoka kwa Curculionidae na kuingia Brentidae, familia ndogo ukiipima na ile nyingine, ambayo wengi wao ni wembamba na warefu, na binamu zake wa msituni wanaishi chini ya magome ya miti. Ndani ya Brentidae, mwenye kiuno cha sisimizi na pingili moja kubwa mwishoni mwa kipapasio ni Cylas, jenasi (kundi la spishi ndugu) iliyopewa jina na Latreille, mtaalamu wa wadudu, mwaka 1802.

Nikitafuta zaidi nikakuta kwamba hata familia yake imehama. Vitabu vya zamani vinamweka kwa Curculionidae, vingine vinamweka kwa Apionidae, na siku hizi Apionidae wenyewe wanahesabiwa na wengi kuwa tawi la Brentidae. Ni kama kiwanja cha Bukavu: karatasi zinabadilika kila ofisi, mwenye nyumba bado yumo ndani anapika sombe. Nimeandika "Brentidae" kwa penseli na "Cylas" kwa kukandamiza.

20 Julai

Nimemaliza kuhesabu Cylas wa ndoo ya kwanza: 63. Si wa sura moja. Weusi wakubwa, karibu milimita 7, ni 41. Wadogo wa kahawia, wengine karibu wekundu, ni 22.

Nilimpigia simu yule mama mwenye shamba. Alicheka kwanza. "Batu banatafuta viazi, weye unatafuta badudu!" Kisha akaniambia kwa sauti ya mtu anayeeleza mtoto: "Ile nyekundu njo bibi. Ile nyeusi njo bwana yake. Banatembea pamoja siku zote."

Inaingia akilini. Ni kweli wanatembea pamoja. Nimewatoa kwenye kiazi kimoja. Na kwa ndege, jogoo na tetea hawafanani. Nimeandika karatasi 63 ndogo: dume 41, jike 22. Mwandiko wangu mzuri, wa siku ya mtihani. Nimewagundisha waliokauka kwenye ncha za pembetatu za karatasi ngumu, kila mmoja na karatasi yake.

24 Julai

Karatasi 63 zimechanwa.

Nilikuwa nasoma maelezo ya Cylas kwenye simu nikafika mahali panaposema kwamba dume na jike wanatofautishwa kwa ile pingili ya mwisho ya kipapasio: ya dume ni ndefu kama kijiti, ya jike ni fupi, ya mviringo kama mbegu. Sababu yake ina maana. Jike anatoa harufu usiku, dume anaifuata, na pingili ndefu ina nafasi zaidi ya vinyweleo vya kunusia.

Nikaamka kitandani, nikawasha tochi. Mweusi wa kwanza: kijiti. Mweusi wa pili: mbegu. Wa tatu: mbegu. Wa kahawia wa kwanza: kijiti! Hapo nikakaa chini.

Hesabu mpya, niliyoimaliza alfajiri wakati adhana inasikika: kwa weusi, dume 18 na jike 23. Kwa wa kahawia, dume 13 na jike 9. Kila rangi ina mabwana wake na mabibi wake. Hizi ni nyumba mbili, na tangu siku nyingi zinakaa ndani ya kiazi kimoja.

Linaloniuma si kosa la mama. Yeye hana kioo. Tarehe 15 niliona wawili wamepandana ndani ya chupa, wote weusi. Nikaandika pembeni "ajabu", nikaendelea kukata karatasi.

Majina basi. Mkubwa mweusi ni Cylas puncticollis, aliyeelezwa na Boheman mwaka 1833. Jina lake linataja vitobo vidogo vya kwenye kifua, na ukigeuza taa pembeni unaviona, kama ngozi ya mtu mwenye baridi. Mdogo wa kahawia ni Cylas brunneus, na jina hilo maana yake ni rangi ya kahawia tu. Yuko pia wa tatu, maarufu duniani, Cylas formicarius wa Fabricius, 1798, mwenye kifua chekundu na mgongo wa buluu nyeusi. Huyo hayumo kwenye ndoo yangu.

2 Agosti

Formicarius maana yake ni "wa sisimizi". Nataja hilo kwa uchungu. Usiku wa jana sisimizi wa kweli walipanda dirishani wakaingia kwenye kartoni ya waliokauka. Wametoboa tisa, wote weusi wakubwa. Wameacha maganda: nje mdudu mzima anayeng'aa, ndani hamna kitu. Ukipuliza anaruka.

Meza sasa imesimama ndani ya makopo manne ya maji yenye mafuta kidogo juu. Ndani ya kartoni nimetia nafthalini. Mdogo wangu analalamika kwamba nyumba inanuka kama sanduku la bibi, na katika kulalamika akakiona kikoleo chake.

11 Agosti

Ndoo ya pili imetoka upande wa Kamanyola, chini kwenye uwanda wa Ruzizi ambako joto ni la kweli na ardhi wakati huu imepasuka. Safari hii sikutaka kupasua viazi. Nimeviacha vizima ndani ya ndoo, kitambaa juu, ili waliokomaa watoke wenyewe, na kila asubuhi nawatoa na kuwatia chupani wakiwa hai na kipande cha kiazi.

Tarehe 4 asubuhi walitoka saba. Weusi watatu, wa kahawia wanne. Niliandika kwa raha: puncticollis 3, brunneus 4.

Tarehe 7 chupa ya wa kahawia ilikuwa na mmoja mweusi. Nikadhani nimechanganya. Nikamlaumu mdogo wangu, ambaye hakuwa ameigusa (ameshasamehe, kikoleo kimerudi). Tarehe 9 weusi walikuwa wawili. Leo bado ni wawili, na wawili wengine wamebaki kahawia.

Nimechelewa kuelewa jambo ambalo kila mtu aliyefuga mbawakawa analijua. Anapotoka kwenye pupa, mdudu ni laini na rangi yake ni hafifu. Ganda linakaza na kuiva taratibu kwa siku kadhaa. Fukusi huyu kwa kawaida hutumia siku hizo ndani ya kiazi, ingawa hawa wawili walitoka kabla hawajaiva. Lakini mimi nilikuwa napasua viazi vya Kavumu kwa kisu na kuwatia kwenye alkoholi siku hiyo hiyo. Niliwaua vijana wa puncticollis kabla hawajapata rangi yao, nikawaandika brunneus.

Kwa hiyo wale 22 wa Kavumu si 22.

13 Agosti

Nimewapitia wote 22 tena, mmoja mmoja, bila kuangalia rangi. Nilimpa mdogo wangu karatasi ya kuandika ili nisione nilichoandika mwanzo. Vipimo vitatu: urefu, vitobo vya kifuani, na ulaini, yaani ukigusa bawa gumu kwa ncha ya sindano linabonyea au linakataa?

Sita ni wakubwa, wana vitobo, na mabawa yao yanabonyea kama ganda la yai la mjusi. Hao ni puncticollis wachanga. Waliobaki 16 ni wadogo, wagumu, wameiva, na bado ni kahawia. Hao ndio brunneus wenyewe.

Hesabu ya Kavumu baada ya sisimizi na baada yangu: puncticollis 38, brunneus 16. Jumla 54.

Kanuni mpya imeandikwa ukutani juu ya meza: aliyetoka leo hafi wiki hii.

30 Agosti

Nilitaka kuthibitisha kwa viungo vya ndani, kwa sababu kwa mbawakawa umbo la uume ndilo hakimu wa mwisho pale sura ya nje inapobishaniwa. Kwa hilo kioo changu hakitoshi. Kuna maabara moja mjini yenye darubini nzuri, sitaitaja. Mara ya kwanza mwenye ufunguo alikuwa amekwenda harusini. Mara ya pili harusi ilikuwa inaendelea. Mara ya tatu nilikaa ngazini na chupa zangu saa mbili nzima, nikafunguliwa, nikapewa nusu saa.

Ili ganda lilainike na nyama iyeyuke unahitaji magadi makali. Mafundi wa sabuni sokoni Kadutu wanauza soda kali (kostiki) wanayopikia sabuni, na inafanya kazi. Ni hatari: inachoma ngozi, na unaitia soda kwenye maji, si maji kwenye soda. Niliwalaza madume ndani yake usiku mmoja, asubuhi nikawaosha kwa maji yenye matone ya siki.

Wanne wa kwanza niliwavunja. Mkono wa mtu aliyezoea chaki haukuumbwa kwa kazi hii. Kati ya waliofuata nilipata sita wazima, watatu kwa kila kundi, na maumbo ni mawili, hayakuingiliana. Nilichora kwa penseli haraka haraka huku mtu wa ufunguo akipigapiga funguo mezani.

14 Septemba

Mvua zimeanza. Nilipanda hadi Kavumu kumrudishia mama ndoo yake na kumweleza alichonisaidia kujua. Nilimchukulia dume na jike wa kila aina, wamegundishwa kwenye kadi moja, na kioo. Aliangalia kwa jicho moja kwa muda mrefu, akasogeza kadi mbali, akairudisha.

"Kwa hiyo ile nyekundu iko na bwana yake nyekundu."

"Ndiyo, Mama."

"Na mimi nilibaolesha mwaka yote iyi." Akacheka mpaka akashika kiuno.

Kisha akaniuliza itamsaidia nini shambani. Nilianza kumweleza kwamba fukusi hawa hawawezi kuchimba: wanapita kwenye nyufa za udongo hadi kwenye kiazi, au wanaanzia kwenye shina, jike anatafuna kijishimo, anaweka yai moja, anakiziba kwa mavi yake. Ndiyo maana kiangazi kikipasua ardhi wanaingia kwa wingi, na ndiyo maana kupandisha udongo juu ya tuta, kuvuna mapema na kuondoa masalia ya viazi kunasaidia. Alinikata. "Ile ya kupandisha udongo nilijua mbele weye uzaliwe." Nikanyamaza. Alichokuwa hajui, na kilichomkaa, ni kwamba kiazi kitamu ni mgeni aliyetoka Marekani ya Kusini na ya Kati, na fukusi hawa wawili ni wenyeji wa Afrika. Walikuwapo kabla ya shamba, wakila ndugu wa porini wa kiazi.

"Ndugu gani?"

Tulitoka nje. Juu ya ua wake wa miti kulikuwa na mtambazo wenye maua ya zambarau yanayofunguka asubuhi, Ipomoea ya porini, ambayo yeye huikata akilisha mbuzi. Jani lake na jani la kiazi ukiyaweka kiganjani pamoja, ni watoto wa mama mmoja. Alinikatia mashina mazima kwa panga na kuyajaza ndani ya ndoo ile ile niliyokuja kuirudisha.

3 Oktoba

Ndoo ya tatu. Wiki mbili sikupata chochote isipokuwa buibui na harufu. Mashina yamekauka nusu, na mdogo wangu alishaanza kuiangalia ndoo kwa jicho la kutaka kuifulia.

Leo asubuhi ametoka mmoja, kwenye kitundu chini ya kifundo cha shina. Kiuno cha sisimizi, kipapasio kilichonyooka, pingili ya mwisho ndefu kama kijiti. Ana milimita 5 na kidogo. Rangi yake ni kahawia nyepesi, na bawa linabonyea.

Nimemtia chupani na kipande cha shina alikotoka. Karatasi inasema: Cylas, dume, Kavumu, kwenye Ipomoea ya porini, 3 Oktoba. Mstari wa spishi uko wazi mpaka tarehe 10.